Pua za Unga za Shimbara

Nchi ya Shimbara utaisikia kabla hujaiona. Inapiga mluzi. Si mluzi wa mtu anayeita mbwa, wala ule wa mwalimu wa zamu anayekaribia bweni akidhani hasikiki. Ni mluzi mwembamba wa sauti nyingi pamoja, unaopanda upepo ukipanda na kufifia upepo ukilala. Namna nilivyofika huko haimfaidii msomaji, maana njia ile haipitiki mara mbili. Itoshe kusema kwamba nilikuwa kidato cha tatu, nimevaa sare, na kwamba shuleni walidhani niko zahanati.

Mluzi ule hutoka kwenye mawe. Pande zote mbili za barabara kuu yamesimamishwa mawe marefu kuliko mlango, kila moja limechongwa sura ya mkubwa mmoja wa nchi. Utaona kilemba cha manyoya ya ndege, manyoya yenyewe yakiwa ya jiwe, utaona vipuli vizito kama vitasa, mikono iliyokunjwa kifuani, na macho ya vipande vya chupa za kijani. Nimeona sanamu nyingi katika vitabu na sijaona kazi iliyonyooka namna ile. Ila hakuna hata moja iliyokuwa na pua. Mahali pa pua pana pengo lililomeguka, katikati ya pengo kuna tundu, na upepo wa bondeni huingia humo ukatoka ukiwa sauti.

Chini ya mawe, juu ya vigoda, walikuwa wamekaa wenye mawe. Nao hawakuwa na pua.

Nilikwishafundishwa adabu, kwa hiyo nilimwamkia mzee wa kwanza niliyemfikia. Askari akanishika bega na kunieleza, bila ukali, kwamba nimeanza na nakala. Mtu huamkia jiwe kwanza, akangoja liitikie, ndipo akamwamkia mwenye jiwe, kama muda unaruhusu. Niliamkia jiwe. Upepo ukapita, likaitikia. Naapa kwamba nywele zilinisimama, na mimi ni mtu niliyekwisha kulala chumba kimoja na mkuu wa bweni.

Historia ya jambo hili nilisimuliwa na watu wengi, na wote walisimulia kwa fahari. Zamani Shimbara haikuwa na sanaa yake, na majirani waliisema. Ndipo mtu mmoja, Mzee Sagamba, akasafiri mbali na kurudi na masanduku ya nakala za jasi, zilizotolewa katika sanamu za Wamaya. Wamaya ni watu wa Amerika ya Kati. Wazee wao walijenga mahekalu ya ngazi katikati ya msitu na kuchonga wafalme wao katika mawe, na wajukuu wao wapo hadi leo wanalima mahindi na kusuka nguo za rangi. Kwao sura iliyochongwa haikuwa picha tu. Ilikuwa ni mtu mwenyewe, sehemu yake iliyobaki uwanjani alipokwenda kulala. Washimbara walilipenda wazo hilo, wakaanza kuchonga.

Walichonga kama walivyoona. Nakala za Mzee Sagamba zilikuwa za sanamu kongwe, zilizovunjwa pua, na wachongaji wa Shimbara wakachonga nyuso mpya zisizo na pua. Nakala zilikuwa na nyufa, nao wakachonga nyufa. Nakala zilikuwa na namba za wino shingoni, zilizoandikwa na mtunza ghala wa makumbusho, basi kila sanamu ya Shimbara ina namba shingoni, na wanazuoni wao wamegawanyika makundi mawili juu ya maana yake. Makundi hayo hayaoani.

Shida ilianza siku mtoto mmoja alipocheka uwanjani na kusema kwamba jiwe la Mkuu wa Nchi halifanani na Mkuu wa Nchi. Baraza lilikaa. Lingeweza kuongeza pua kwenye jiwe, lakini hilo lingekuwa kukiri kwamba jiwe lilikosea. Likapitisha sheria fupi kuliko zote nilizosoma huko, inayosema: Jiwe halikosei. Tangu siku hiyo mtu akichongwa, hulinganishwa. Yuko afisa wa kazi hiyo, anaitwa Mlinganishi Mkuu, na kifaa chake ni kisu cha jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Namba ya shingoni huandikwa siku hiyo hiyo, kwa sindano, ili mtu asiugue mara mbili.

Raia wa kawaida, ambao hawajachongwa, huona haya kidogo juu ya nyuso zao. Vijana wa mjini hujifunga utepe usoni kubana pua ilale. Neno lenyewe halitamkwi mbele ya wakubwa, husemwa "kile cha katikati". Wengi walinitazama kwa huruma, na mama mmoja sokoni aliniuzia utepe kwa bei nafuu, kama anavyouziwa mfiwa.

Nilipewa malazi kwa Fundi Bakiri, mchongaji, na mkewe Zamaradi. Bakiri alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vumbi la jiwe mpaka kwenye kope. Zamaradi alikuwa na maneno ya wote wawili. Alinipokea kwa kuniambia kwamba nimekula samaki wa kopo jana, nimelala karibu na mafuta ya taa, na sijabadilisha soksi kwa muda ambao hangeutaja mbele ya mumewe. Yote yalikuwa kweli. Pua ya mwanamke yule ilikuwa kitu cha ajabu. Alijua mvua kabla ya mawingu, na alijua mtoto ana homa akiwa bado anacheza.

Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yake. Siku si nyingi kabla sijafika, Zamaradi alisimama mbele ya tangi la mji akakataza watu wasichote. Walimtukana, akasimama. Walipofungua mfuniko, wakakuta mzoga wa nguchiro. Mji mzima ulipona, na Baraza likaona kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa bila heshima. Likaamuru achongwe jiwe. Akawa amepewa heshima kwa sababu ya pua yake, na heshima yenyewe ilikuwa kuondolewa pua.

Niliuliza kama anaweza kukataa. Bakiri alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye msasa. Jiwe lililokwisha kuanza kuchongwa haliwezi kukaa bila mtu, alisema. Mwenyewe akikimbia, jiwe hutafutiwa mwingine wa damu yake. Zamaradi alikuwa na mdogo wake wa kike, anayenyonyesha.

Jiwe lilikuwa uani, limebakia macho tu. Bakiri ndiye aliyepewa kazi ya kulichonga, kwa kuwa alikuwa fundi bora na anaijua sura ile. Alikuwa amechonga mashavu ya mkewe, mdomo wake wa kutaka kusema jambo, na katikati, pengo. Sikuweza kulitazama kwa muda mrefu. Zamaradi alilipita kila siku akienda kuanika nguo, na kila siku alilisukuma kidogo kwa nyonga kana kwamba ni mke mwenza.

Lakini nilimkuta siku moja jikoni akizunguka polepole, akichukua kitu kimoja kimoja na kukileta usoni: kitunguu, kitambaa cha meza, shati la Bakiri, kipande cha sabuni. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Sitafuti," akasema. "Naweka akiba."

Basi nikaenda kwenye Baraza. Mgeni yeyote anaruhusiwa kusema mara moja. Jengo lao ni zuri, lina ngazi nyingi zisizofika popote, kwa kuwa nakala ya hekalu iliyoletwa na Mzee Sagamba ilikuwa imekatika juu. Madiwani walikaa nusu duara, na kila mmoja alipovuta pumzi alilia kidogo, kama filimbi iliyokaliwa. Katikati alikaa Mlinganishi Mkuu, Mzee Fumbwe, mrefu, mkavu, safi sana, kisu chake kiunoni.

Niliwaeleza yote niliyofundishwa na mwalimu wetu wa sanaa, mwalimu ambaye sikuwahi kudhani nitamhitaji. Niliwaambia kwamba Wamaya hawakuchonga nyuso zilizovunjika. Jiwe lilipomaliza muda wake, mara nyingine walilivunja uso ili pumzi yake itoke, lipumzike, kama sisi tunavyomfumba macho marehemu. Niliwaambia kwamba watu wale waliipenda pua ndefu inayoanza kwenye paji la uso, na wapo waliojiongezea kipande ili ionekane ndefu zaidi. Nikaongeza habari ya namba za ghala. Nilimaliza kwa kuomba, kwa heshima zote, kwamba Mama Zamaradi aachwe kama alivyo.

Nilitegemea kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Zilisikika pumzi zao tu, zikilia.

"Kijana," akasema Mzee Fumbwe, "hayo tunayajua. Mzee Sagamba aliyajua kabla hajafa, akatuambia." Alishuka kwenye kiti akaja mpaka niliposimama, akainama uso wake ukawa mbele ya wangu. "Sasa nitazame hapa. Halafu useme tena kwamba lilikuwa kosa."

Nilimtazama. Nikainamisha kichwa. Madiwani wakaandika kwamba mgeni amefuta hoja yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na mtu wa umri wangu akiwa na hasira hufikiri kwa mikono. Shimbara wana desturi wanayoiita Saa ya Mawe. Adhuhuri, baragumu likilia, watu wote huingia ndani na kufunga madirisha, ili mawe yautazame mji bila kusumbuliwa na watu. Adhabu ya kutoka saa hiyo haijaandikwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutoka. Nilichukua unga wa mahindi wa Zamaradi, nikachukua chokaa ya Bakiri, nikasonga. Yeyote aliyesoma bweni anajua kwamba ugali wa shule ukipoa hushika ukuta, na wangu ulikuwa mgumu kuliko wa shule. Kama jiwe halikosei, nilijiambia, basi jiwe lenye pua pia halikosei. Wenyeji wangu walikuwa wamelala. Nilibeba sufuria nikatoka.

Jua lilikuwa utosini na mawe hayakuwa na vivuli. Nilianza na la mwisho la upande wa kushoto. Nilipanda kigoda cha mwenye jiwe, nikafinyanga pua ndefu, kutoka kwenye paji mpaka juu ya mdomo, nikaibandika, nikasawazisha kingo. Mluzi wa jiwe lile ukakatika. Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Nikaenda kwa la pili, likanyamaza, kisha la tatu, na kila nilipoziba tundu mji ulipungukiwa sauti moja. Mwanzoni nilifurahi. Nilipofika katikati ya barabara nilianza kusikia viatu vyangu mwenyewe. Baadaye nilisikia mate yangu nikimeza. Macho ya kijani yalikuwa yale yale ya chupa, nilijua ni chupa, lakini ilikuwa kama nimeingia chumba ambamo watu wengi wamenyamaza ghafla ili wanisikilize.

Nilimalizia jiwe la Mzee Fumbwe. Nilipobandika unga kwenye tundu lake, ulivutwa. Siandiki hili kumtisha mtu. Unga ulivutwa ndani, kidogo, kama shuka linavyovutwa na mtu anayelala kifudifudi, kisha ukatulia.

Ukimya uliwatoa watu majumbani kabla ya baragumu la pili. Watoto wachanga walianza kulia, maana walikuwa hawajawahi kuusikia. Wakubwa walitoka wameshika nyuso, wakasimama mbele ya mawe yao midomo wazi. Nilikuwa na unga mpaka viwikoni. Askari aliniona, akaniambia nikanawe, chakula kitapoa. Hakuna aliyenishuku, na hakuna aliyeweza kunishuku, kwa sababu sheria yao haikubali kwamba mtu anaweza kubadilisha jiwe. Mawe yalikuwa yameota pua. Lililobaki ni kulinganisha watu.

Baraza lilikaa asubuhi iliyofuata, milango wazi, mji mzima umejaa ngazini. Diwani Kalembo, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza, alieleza hali kwa utulivu. Mawe yana pua. Wenye mawe hawana. Hiyo ni tofauti, na tofauti ni kosa la mtu. Kwa bahati njema, akasema, pua zipo nchini kwa wingi, zimekaa kwenye nyuso za watu wasio na cheo, ambao hawajawahi kuzifurahia na wengi wao huzifunga utepe. Zikusanywe. Zigawanywe kwa kufuata vyeo. Na kwa kuwa Mlinganishi Mkuu ndiye wa kwanza kwa cheo barazani, apewe iliyo bora nchini, nayo inajulikana ni ya nani.

Watu waligeuka wakamtazama Zamaradi. Fundi wa vipimo aliteremka na uzi, akampima pale pale, kutoka paji la uso mpaka mdomoni, halafu akapanda akampima Mzee Fumbwe, akasema itahitaji kupunguzwa kidogo pembeni. Mimi nilitazama sakafu. Jana mwanamke yule alikuwa anakatwa apewe heshima. Leo, kwa mzaha wangu, alikuwa anakatwa ili pua yake apewe mtu mwingine.

Zamaradi aliomba kusema. Aliuliza, kwa unyenyekevu ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwake, kama Baraza limekwisha kuchunguza pua za mawe ni za kitu gani. Ilionekana halijachunguza. Mtu alitumwa, akarudi na chembe kidogo kwenye ukucha, akaionja. Akasema ni unga wa mahindi, na chokaa.

"Basi, waheshimiwa, mkivaa nyama mtakuwa hamjalingana," akasema Zamaradi. "Jiwe lina unga."

Diwani Kalembo alisema unga utadondoka. Zamaradi akamuuliza kama nyama ya mtu mwingine ikikaa juani hubaki inanukia. Kicheko cha Shimbara ni mluzi mfupi, na mluzi mfupi ulipita barazani. Mjadala ulikuwa mrefu. Kundi moja la wanazuoni lilisema kwamba Wamaya husimulia kuwa binadamu wa kwanza alifinyangwa kwa mahindi, hivyo unga ni nyama ya asili. Kundi la pili, ambalo lilikuwa na maoni hayo hayo, lilipinga kwa sababu yamesemwa na kundi la kwanza. Mwishowe Mzee Fumbwe akainua mkono. Alimtazama Zamaradi muda mrefu, kisha akasema kwamba kulingana ni kulingana, na hakuna kulingana nusu. Iwe unga.

Masufuria yaliletwa. Madiwani wakavishana pua mmoja baada ya mwingine, wamekaribiana nyuso, kila mmoja akisawazisha kingo za mwenzake kwa kidole. Na kwa kuwa walikuwa hawajawahi kutazamana kwa karibu hivyo, jambo fulani likawapata. Mmoja aligeuza uso ukutani. Kalembo alitoa machozi yakaharibu kazi ya fundi, ikabidi arudiwe. Kabla hawajatoka walipitisha sheria nyingine, kwa kauli moja na bila mjadala: mtu yeyote asiinue wala kuchungulia chini ya unga, uwe wa jiwe au wa mwenye jiwe. Sababu haikutolewa, na hakuna aliyeiuliza.

Alasiri ya siku hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya Zamaradi. Jiwe lake lilisimamishwa barabarani, limetiwa macho, na Bakiri alikuwa amelibandika pua ya unga kama ilivyoagizwa. Watu walijipanga. Mzee Fumbwe alisimama mbele ya jiwe, kisu mkononi, bakuli la unga pembeni. Utaratibu ulijulikana: kwanza kukata, kisha kuvisha.

Zamaradi alitoka nyumbani kwa miguu yake, ameshavaa. Unga ulianzia kwenye nyusi ukaishia mdomoni, umekauka, umesawazishwa na mkono wa fundi ajuaye kazi. Alikwenda mpaka mbele ya Mlinganishi akasimama.

"Umekuja umevaa," akasema Mzee Fumbwe.

"Nimekuja nimelingana, mzee wangu."

"Chini yake kuna nini?"

"Sheria ya asubuhi inasemaje?"

Diwani Kalembo alisema kwa sauti kwamba uinuliwe. Akaanza kusogea kuuinua yeye mwenyewe. Kisha akasimama, nami niliona kwa nini. Watu walikuwa wameacha kumtazama Zamaradi, wanamtazama yeye, wanatazama unga wake, ambao upande wa kushoto ulikuwa umeanza kupasuka. Kama wa Zamaradi ungeinuliwa, ungeinuliwa wa nani baada ya hapo? Alirudi nyuma taratibu akiwa amefunika uso kwa kiganja. Wakubwa wengine walirudi nyuma pamoja naye. Alibaki Mzee Fumbwe peke yake na kisu. Alikigusisha kwenye unga wa Zamaradi, kwa ubapa, akakiondoa.

"Amelingana," akatangaza.

Siku zilizofuata Shimbara ilikuwa nchi ya kimya. Vijana waliacha utepe wakaanza kujipaka unga, na mama yule wa sokoni akaanza kuuza pua zilizokwisha kufinyangwa, za kike na za kiume. Baraza liliacha kukutana siku za mvua. Kuku walianza kuwafuata madiwani mitaani, kwa adabu lakini bila kuchoka, na askari waliagizwa wawafukuze umbali wa hatua ambazo idadi yake ilijadiliwa sana. Zamaradi alivaa unga wake kila alipofungua mlango na kuuvua kila alipoufunga. Bakiri alikuwa akicheka peke yake akipiga patasi.

Siku ya mwisho ya kukaa kwangu, Saa ya Mawe, madirisha yamefungwa, sisi watatu tukiwa mezani, mlango uligongwa.

Hakuna anayegonga mlango saa ile. Zamaradi alikamata unga wake akauvaa, Bakiri akasimama na patasi, nami nikafungua kwa sababu nilikuwa karibu. Alikuwa Mzee Fumbwe. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaketi bila kukaribishwa. Kisu kilikuwa kiunoni. Akaibandua pua yake ya unga na kuiweka kando ya chumvi. Pumzi yake ikaanza kulia mluzi chumbani. Nilikuwa nimeusahau.

Alisema kwamba alilinganishwa akiwa kijana, kabla hajaoa. Watoto wake wote amewapata baada ya hapo. Alisema anayo majina ya harufu, mvua, kitunguu, mtoto aliyetoka kuoga, na kwamba kwa miaka mingi aliyarudia majina hayo kitandani akijaribu kufika kwenye vitu vyenyewe, na sasa yamebaki majina. Kisha akamgeukia mke wa Bakiri.

"Zamaradi," akasema. "Chumba hiki kina harufu gani?"

Bakiri alitikisa kichwa. Mimi pia nilitikisa. Kulikuwa na jibu moja tu la salama: mheshimiwa, nami nimelingana, sijui. Akitoa jibu lingine lolote, atakuwa amekiri mbele ya mtu pekee katika nchi ile aliyeruhusiwa kukata. Mzee Fumbwe alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, mbali na kiuno, kama mgonjwa aliyengoja foleni mpaka zamu yake ikafika.

Zamaradi aliulegeza unga pembeni, akautoa, akauweka kando ya ule wa Mzee Fumbwe. Pua yake ilikuwa nzima, imepauka na kunyauka kama kidole kilichokaa majini. Alifumba macho.

"Vitunguu," akasema. "Vimeungua kidogo, kwa kuwa umegonga mlango. Jiwe lililokatwa leo, lina ukali fulani kama kiberiti. Jasho la huyu bwana. Huyu kijana ameiba karanga, zimo mfuko wa kushoto. Na ukuta ule una unyevu, kesho mvua itanyesha."

"Na mimi?"

Aliinama juu ya meza mpaka kichwa chake kikakaribia bega la mzee. Akavuta pumzi.

"Unga," akasema. "Chini yake sabuni. Na chini ya sabuni, mzee wangu, unanukia kama nguo iliyowekwa sandukuni ikimngoja mwenyewe."

Mluzi wa Mzee Fumbwe ulikatika, kwa kuwa alikuwa amebana pumzi. Alipoiachia, alichukua pua ya unga ya Zamaradi, akaikagua kwenye mwanga wa ufa wa dirisha, akamvisha. Alisawazisha kingo kwa dole gumba kuanzia kwenye paji, akafuta chembe shavuni kwa ukingo wa mkono wa kanzu yake, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda kusali. Kisha akavaa yake.

"Fundi," akamwambia Bakiri, "kesho kutwa tunamlinganisha mwalimu wa shule ya chini. Mpelekee unga leo. Mwambie aje amevaa."

Akafungua mlango akatoka. Nilikwenda dirishani nikachungulia kwenye ufa. Kwa siku zote nilizokaa pale, mawe ya barabara kuu yalitazamana, mstari huu na mstari ule. Sasa yote yalikuwa yameelekea nyumba yetu, mpaka yale ya mbali, macho yao ya kijani yamejaa jua. Mzee Fumbwe aliyaona. Hakukimbia, wala hakurudi ndani. Aliuvuta mlango ukafungika nyuma ya mgongo wake, akauziba kwa mwili wake.

"Amelingana," akayaambia, kwa sauti yake ya kazini.

Mawe hayakuwa na mluzi tena wa kuitikia. Alibaki amesimama ngazini, kofia mkononi, akingoja jibu, nasi ndani tukangoja pamoja naye.